Manahodha Wawili, Chombo Huenda Mrama: Kitenzi cha Kiingereza na Mzigo wa Wakati

Kijana mmoja wa mashua aliniletea simu yake jioni nimtazamie ujumbe aliomwandikia mgeni asubuhi. Ujumbe ulikuwa mfupi: "I wait you at Mokowe." Mokowe ndiyo gati ya bara watu wanapopandia mashua kuja Lamu. Moyoni mwake alikuwa amesema: nimekungoja Mokowe, sikukuona, nimerudi mjini. Mgeni, ambaye basi lake lilikuwa limechelewa njiani, alisoma akaelewa kwamba yuko mtu anamngoja. Akakaa gatini na mizigo yake, jua likapanda, likapinda, hakuna aliyekuja. Mwisho akapanda chombo cha mtu mwingine. Kijana alikosa nauli, na mgeni akaondoka na dhana kwamba amedanganywa. Ukiliacha neno "for", lililokosekana pale ni herufi mbili tu, e na d.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha Kiingereza baada ya magharibi, barazani huku Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kwa watu ambao mchana wana kazi zao: vijana wa mashua, fundi wa majahazi atokaye Matondoni, binti wa mapokezi katika hoteli ya Shela, mama auzaye mahamri. Hakuna mzito wa lugha kati yao. Msamiati wanao, tena mwingi. Kinachowakwamisha ni nyakati. Walifundishwa nyakati kumi na mbili kama orodha ya kukariri, kila mmoja na jina lake refu, bila mtu kuwaonyesha kwamba zote kumi na mbili zinaendeshwa na kanuni moja. Nimeona watu wakikariri orodha ile kwa miaka minane ya shule na bado wanaandika "did you finished". Nataka niieleze kanuni hiyo kwa urefu, kwa kutumia vitenzi vya kanuni peke yake, yaani vile visivyo na desturi zao za pembeni kama "go" inayogeuka kuwa "went".

Tuanze na kitenzi chenyewe. "Wait" kina maumbo manne, basi: "wait", "waits", "waited", "waiting". Kila kitenzi cha kanuni katika Kiingereza, na viko maelfu, kina manne hayo hayo. Sasa kitazame ngoja chetu: nilingoja, sikungoja, hatujangoja, wangalitungoja, asiyekungojea, na safari haijafika nusu. Kitenzi cha Kiswahili ni jahazi lililopakiwa kutoka omo hadi tezi. Mbele imekaa nafsi, nyuma yake wakati, kisha mtendewa, kisha mzizi, na nyuma kabisa mkia unaosema ni kwa ajili ya nani. "Hatutakungojea" ni neno moja kwetu. Mwingereza anahitaji maneno sita: "We will not wait for you."

Kwa hiyo mwanafunzi wetu akilitazama neno "wait" anaona dau tupu. Anauliza, na ni swali la haki: wakati umewekwa wapi?

Umewekwa kwenye kitenzi cha kwanza. Sentensi ya Kiingereza inaweza kuwa na kitenzi kimoja, au mfuatano wa viwili, vitatu, hata vinne. Wakati hubebwa na kile kilicho mbele ya vyote, peke yake. Vinavyofuata havijui jana wala leo. Kitenzi kikuu kikiwa pekee hujibebea chenyewe: "I waited." Kikipata msaidizi mbele yake, msaidizi ndiye anayechukua mzigo wote wa wakati: "I was waiting", "I had waited", "I did not wait". Wahenga wa pwani walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na sijapata mfano bora zaidi wa kulieleza jambo hili. Usukani wa wakati hushikwa na mmoja.

Sasa sikiliza kosa linalosikika kila siku kutoka gatini hadi ofisini: "Did you finished?" Hapo manahodha ni wawili. "Did" tayari imeshasema ni jana, kwa hiyo "finish" iliyo nyuma yake inatakiwa ikae mtupu: "Did you finish?" Vivyo hivyo kwa "She doesn't wants". Ile s imeshapandishwa kwenye "does", haiwezi kupanda tena kwenye "want". "She doesn't want." Nikiwaona wanafunzi wanasita, huwaambia watafute kwanza kitenzi cha mbele, wakitie wakati, kisha waache kuhangaika na wakati kabisa.

Kwa nini sisi hasa tunaliangukia kosa hili? Nimelifikiria sana, na naamini jibu limo ndani ya lugha yetu. Sisi tukiwa na vitenzi viwili mfululizo, vyote viwili huvaa. "Alikuwa anangoja." Angalia: a- iko mbele ya kuwa, na a- nyingine iko mbele ya ngoja, na kila kimoja kina alama yake ya wakati, -li- huku na -na- kule. "Chombo kilikuwa kimeng'oa nanga": ki- mara mbili. Kwetu kukivika kitenzi cha pili ni ufasaha, na kukiacha uchi ni kosa. Basi mtu anapoandika "did you finished" amefuata adabu ya lugha aliyonyonya kwa mama yake. Mwalimu anayemkaripia kwa uvivu hajamsikiliza.

Na huyu "do" mwenyewe si wa tangu na tangu. Wakati wa Shakespeare, miaka ya 1590 na ya mwanzo wa 1600, Mwingereza aliweza kuuliza "Know you?" au "Do you know?", akakanusha kwa "I know not" au "I do not know", na zote zilikubalika. Baadaye njia ya "do" ikashinda katika maswali na katika ukanushi, nyingine ikabaki ya mashairi na maandiko. Nalitaja kwa sababu wanafunzi huniuliza "do" maana yake nini katika "Do you wait here every day?" Haina maana ya kutenda hapo. Imewekwa tu ili pawe na kitenzi cha kushika usukani, kwa kuwa "wait" yenyewe hairuhusiwi tena kusogea mbele ya mwenye kutenda.

Kuhusu s ya "waits" sina mengi. Ndiyo alama pekee ya nafsi iliyobaki kwenye kitenzi cha kanuni. Zamani Kiingereza kilikuwa na zaidi: "thou waitest" kwa wewe, "he waiteth" kwa yeye, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imejaa hiyo -eth. Mkia wa -s ulitoka kwenye lahaja za kaskazini mwa Uingereza, ukateremka kusini, ukaishinda -eth. Ni kama ilivyo huku kwetu, ambako sisi husema ndia na mtele, Unguja wakasema njia na mchele, na ni ya Unguja iliyoingia vitabuni. Kwa hiyo "he waits", "she waits", "the boat waits", na wengine wote hawana kitu. Huwekwa pale tu ambapo kitenzi ni cha wakati uliopo na mtendaji ni mmoja asiye mimi wala wewe.

Sasa tuje kwenye nyakati zenyewe. Kosa la pili kwa ukubwa ni kutafuta, kwa kila kipande cha Kiswahili, kipande chake cha Kiingereza. Mwanafunzi anakata "ni-na-ngoja" vipande vitatu, anaona -na- kuwa ni "am", anaandika "I am wait." Anakata "ni-li-ngoja", anaiona -li- kuwa ni "was", anaandika "I was wait." Hesabu nzuri, jibu baya. "Am" na "was" haziji peke yake. Zikija zinataka kinachofuata kivae -ing: "I am waiting", "I was waiting". Na maana yake si -na- wala -li- kwa jumla. Ni kitendo kilichokuwa bado kinaendelea.

Hapa mtu wa pwani ana bahati ambayo huwa najitahidi kumwonyesha. Kiingereza hutenganisha "He is waiting", yuko pale sasa hivi amesimama kwenye gati, na "He waits", ndiyo desturi yake. Wengi wanaojifunza huteseka na tofauti hii kwa sababu lugha zao zina umbo moja kwa yote mawili. -Na- yetu nayo hubeba yote mawili: "anavua samaki" inaweza kuwa sasa hivi, inaweza kuwa ndiyo kazi yake. Lakini tuna hu-. Mzee wa Kipungani akisema "mimi huvua upande wa bahari kuu" hakuna atakayemtazama mikononi kuona kama ameshika mshipi. Basi: unaloweza kulisema kwa hu-, liseme kwa Kiingereza bila -ing. "Boti ya Mokowe hungoja abiria wajae", "The Mokowe boat waits until it is full." Unaloweza kuliongezea "sasa hivi", litie "am", "is" au "are" na -ing. Wenzetu wa bara, ambao wengi hawaitumii hu-, wamejitengenezea mkia wa -nga, "anangojanga", na huo nao unafanya kazi hiyo hiyo. Haja ya kutofautisha desturi na tukio iko kwa wote.

Wakati ujao ni mwepesi, ila una siri nzuri. Kitenzi cha Kiingereza hakina umbo la wakati ujao hata kidogo. Huazima "will", na nyuma yake kitenzi hukaa kitupu: "I will wait", "she will wait", wala si "wills", wala si "will waits". Neno hilo "will" asili yake ni kutaka. Na -ta- yetu? Nayo imetoka kwenye taka. Ukitia kirejeshi inajifichua yenyewe: atakayengoja, watakapofika. Watu wawili wa mbali kabisa, wasiojuana, walipotafuta namna ya kulisema lisilokuwepo bado, wote wawili walilishika neno la kutaka. Kila nikilieleza hili barazani pana mtu hunyamaza akalirudia kwa sauti ya chini: atakayengoja, taka. Hapo ndipo "will" humkaa.

-Li- na "-ed" zinapatana vizuri: nilingoja, "I waited", tulipakia, "we loaded", walitembea, "they walked". Kinachotupa shida ni -ka-. Sisi tukisimulia, husema -li- mara moja mwanzoni, kisha -ka- inachukua safari: tulipakia chombo, tukatweka tanga, tukavuka, tukashusha mizigo Manda. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitendo kinatiwa -ed upya, bila kuchoka: "We loaded the boat, hoisted the sail, crossed, and unloaded at Manda." Wanafunzi hutia -ed kwenye kitenzi cha kwanza na kuviacha vingine vitupu, "we loaded the boat, hoist the sail, cross", kwa kuwa kwetu wakati ukishatajwa umetajwa. Mtu atauliza: mbona sasa manahodha wamekuwa wanne? Kwa sababu vyombo ni vinne. Hivi si vitenzi vilivyofuatana ndani ya kundi moja, kama "did finish". Kila kimoja ni kitendo chake chenye safari yake, na kila chombo kinahitaji nahodha.

Sasa -me-, na hapa naomba tukae, maana ndipo wengi walipozama.

Shuleni tuliambiwa -me- ni "have" pamoja na -ed. Amefika, "he has arrived". Wamemaliza, "they have finished". Hajafika, "he has not arrived yet". Ameshafika, "he has already arrived". Mpaka hapo pazuri. Tazama pia jinsi kanuni yetu inavyosimama: "has" iko mbele ndiyo iliyobeba nafsi na wakati, na "arrived" iliyo nyuma imevaa -ed kwa amri ya "have", wala si kwa sababu ya jana. Ndiyo maana "He has arrive" ni kosa: "have" haikubali kufuatwa na kitenzi kisichovaa. Mkia -ed una kazi mbili katika Kiingereza, sura moja. Ukiwa kwenye kitenzi cha mbele, unasema ilikuwa zamani. Ukiwa nyuma ya "have", unasema limekwisha. Wazo la mkia wa nyuma kusema jambo limekwisha si geni kwa ukanda huu: washairi wa kale wa pwani ya kaskazini walikuwa na mkia wa -ile mwishoni mwa kitenzi kwa maana hiyo, na Chimwini, lahaja ya Kiswahili ya mji wa Barawa huko Somalia, kinao hadi leo.

Lakini -me- yetu ni pana kuliko "have". Kwanza, -me- yetu haioni haya kukaa na jana. "Nimefika jana" husemwa na watu wazima wenye ufasaha wao na hakuna anayegeuza shingo. "I have arrived yesterday" haisemeki. "Have" ya Kiingereza hutazama jambo lililopita kutoka mahali tulipo sasa. Ukitaja tu siku au saa iliyokwisha, jana, juzi, mwaka 2019, saa nne asubuhi, lazima uiache "have" uchukue -ed tupu: "I arrived yesterday." Kijana wa ile mashua angekuwa bado yuko Mokowe, akitaka mgeni ajue amesubiri na bado yupo, angeandika "I have waited for you since eight." Kwa kuwa alikuwa ameshaondoka, "I waited for you" ndiyo iliyomfaa. Herufi chache, lakini moja inamwambia mgeni njoo na nyingine inamwambia umechelewa.

Pili, na hili vitabu vingi hulipita kwa haraka, -me- mara nyingi husema hali ya mtu ilivyo sasa, wala haisemi kitendo kilichokwisha. Amelala. Amekaa. Amesimama. Amechoka. Ukiingia nyumba ya watu ukaambiwa "baba amelala", hukuambiwa kwamba kulala kwake kumekwisha. Umeambiwa upunguze sauti. Kwa Kiingereza huyo baba "is asleep". Amechoka, "she is tired". Amekasirika, "he is annoyed". Na vipo vitenzi vya moyoni na akilini ambavyo sisi huvitia -me- na Mwingereza huviacha kwenye wakati uliopo, bila "have" na bila -ing: nimekumbuka, "I remember", nimekubali, "I agree", amefanana na babake, "he resembles his father", nimelipenda, "I like it". Binti wa mapokezi alikuwa akiwaambia wageni "I have agreed" kila anapopokea ombi, na wageni wakauliza: uliafikiana na nani, lini? Yeye alikuwa anasema tu sawa, nimekubali.

Kwa hiyo kila -me- inapokujia mdomoni, jiulize swali moja. Je, nasema jambo limetendeka, au nasema mtu yukoje? Likiwa limetendeka, "have" na -ed, ila usitaje saa. Ikiwa ni yukoje, tafuta "is" au wakati uliopo mtupu. Swali hilo halifanyi kazi kwa asilimia mia, lakini limewaokoa wanafunzi wangu kuliko ukurasa wowote wa kukariri.

Zilizobaki ni miungano. "Nilikuwa nimengoja" ni "I had waited". "Nilikuwa nangoja" ni "I was waiting". "Nitakuwa nangoja" ni "I will be waiting". "Nitakuwa nimemaliza" ni "I will have finished". Hata ule unaowatisha watu, "I will have been waiting", una mpangilio ulionyooka. Kila kitenzi humvika anayemfuata. "Will" humwacha mtupu anayemfuata: "have". "Have" humvika anayemfuata vazi la kukwisha: "been". "Be", hata ikiwa imevaa sura ya "been", humvika anayemfuata -ing: "waiting". Na mpangilio haubadiliki: "will" kwanza, kisha "have", kisha "be", kisha kitenzi kikuu. Unaweza kumwacha yeyote kati yao, lakini huwezi kumpitisha mbele ya mwenzake. Mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky aliuandika mpangilio huu kwa kanuni fupi moja mwaka 1957. Fundi wa Matondoni aliuelewa kwa dakika kumi, kwa kuwa yeye tangu utotoni anajua kwamba mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, hulazwa kwanza, na ubao haupigiliwi pasipo na taruma, yaani ubavu wa chombo, la kuushika.

Kanuni ukiwa nayo, ile orodha ya kumi na mbili unaijenga mwenyewe. Nyakati za msingi ni tatu, uliopo, uliopita na ujao. Kila mmoja ama mtupu, ama na "be" na -ing, ama na "have" na -ed, ama na zote mbili. Tatu mara nne.

Tahajia nitaipita mbio. "Hope" ina e tayari, ongeza d. "Carry" inageuza y kuwa i, "carried", lakini "stay" haigeuzi, kwa kuwa y yake imetanguliwa na irabu. "Stop" inarudia p, "stopped". Maneno marefu yanarudia herufi mkazo ukiwa mwishoni: "prefer" inazaa "preferred", lakini "offer" inazaa "offered" na "visit" inazaa "visited". Hilo la mkazo linatusumbua kwa sababu mkazo wetu umezoea kukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ni maneno machache, kama barabara ya kupita magari na barábara ya kusema sawasawa, yanayotufundisha kwamba mkazo unaweza kuhama. L ni ya peke yake: Uingereza, na sisi Kenya tunaowafuata, huandika "travelled" na "cancelled" kwa l mbili, Marekani moja.

Sauti ndiyo inayostahili muda wako, maana wageni hawasomi daftari lako, wanakusikia. -Ed ina sauti tatu. Weka vidole kooni utamke z kwa kirefu: koo linatetemeka. Tamka s: limetulia. Kitenzi kinachoishia kwa sauti tulivu, p, k, f, s, sh, ch, hufuatwa na t: "walked" ni wokt, "finished" ni finisht, na "laughed", japo imeandikwa gh, ni laaft, kwa kuwa inayosikika ni f. Kinachoishia kwa sauti ya kutetemeka au kwa irabu hufuatwa na d: "sailed" ni seild, "cleaned" ni kliind, "stayed" ni steid. Kinachoishia kwa t au d chenyewe ndicho pekee kinachopata silabi nzima: "waited" ni weitid, "loaded" ni loudid, "landed" ni landid. S ya "waits" na ya "sails" inafuata mkondo huo huo: s baada ya sauti tulivu, z baada ya inayotetemeka, na iz baada ya sauti za kuzomea, "washes", "fixes".

Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani Jean Berko aliwaonyesha watoto wadogo picha za watu wakifanya vitendo alivyovitungia majina mwenyewe, maneno yasiyokuwepo: "rick", "spow", "mot", "bod". Mtu huyu anajua ku-rick. Jana alifanya hivyo hivyo. Alifanya nini? Watoto wengi walijibu "ricked" na "spowed", ingawa hakuna aliyewahi kuwafundisha maneno hayo, na ikajulikana kwamba walikuwa na kanuni vichwani mwao. Kwa "mot" na "bod", ambapo inatakiwa "motted" na "bodded" yenye silabi ya ziada, wengi walikwama.

Nililifanya jaribio hilo barazani, na kwetu likatoka kinyume kabisa. "Motted" waliipata wote papo hapo, motid, kwa kuwa ina silabi iliyo kamili na Kiswahili kinapenda silabi. Iliyowashinda ni "ricked". Kila mmoja alisema rikedi, kwa kuwa ulimi wetu haujazoea kuziacha konsonanti mbili zifunge neno bila irabu ya kuzisindikiza. Ndivyo "bank" ilivyokuwa benki na "club" ilivyokuwa kilabu. Basi tukafanya hila. Tukatafuta sentensi ambazo neno linalofuata linaanza kwa irabu, ile t ikapata pa kukaa. "Walked along" tukaisoma wok-talong. "Finished it" ikawa finish-tit. "Cleaned all" ikawa kliin-dol. T na d zikahamia mwanzoni mwa silabi inayofuata, mahali ambapo ulimi wa Kiswahili umezipokea tangu utotoni. Mama wa mahamri ndiye aliyeishika kwanza. Siku ya pili alipita barazani na sinia kichwani, hakuingia, akatupigia sauti kutoka usitani, yaani kichochoroni: "I picked up the flour!" Pik-tap. Irabu hakuitia.